Pensheni ya ulemavu ya mume wangu niiandike mstari upi?

Swali: Mume wangu ana miaka 51. Alifanya kazi kiwandani hapa Texas miaka 19, akaumia mgongo Februari 2023, na tangu Julai ya mwaka ule mpango wa pensheni wa kampuni unamlipa pensheni ya ulemavu dola 1,450 kwa mwezi. Mimi sina kazi ya kuajiriwa, namhudumia yeye na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 14. Kila Januari inakuja fomu 1099-R inayoonyesha pensheni aliyolipwa. Mwaka jana tulijaza wenyewe kwa programu ya kompyuta, ikaiweka kama pensheni ya kawaida, tukarudishiwa dola 720 tu. Mwaka 2025 Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali, nao wakamkubalia, wakamlipa pamoja na malimbikizo ya nyuma, na karatasi yao inasema dola 36,000. Sasa kuna mtu tumempelekea makaratasi, anasema hela ya ulemavu haitozwi kodi, tusiandike chochote. Tumsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, pole kwa yaliyompata shemeji, na pole kwako wewe unayebeba nyumba. Nimesoma barua yako mara mbili, maana ndani yake mna hela nyingi kuliko unavyodhani. Huyo mtu anayewaambia msiandike amekosea, na programu nayo ilikosea, ila kila mmoja kwa upande wake. Pensheni ya shemeji lazima iandikwe kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, lakini siyo pale ilipowekwa mwaka jana. Mahali pake ni mstari wa 1h wa fomu 1040, kwenye kundi la mishahara na mapato mengine ya kazi. Programu iliiweka mstari wa 5a na 5b, penye pensheni za wastaafu. Kutoka 1h hadi 5b ni sentimita chache kwenye karatasi, na kwa familia yenu sentimita hizo zina thamani ya zaidi ya dola 9,000 kwa mwaka mmoja.

Ichukue hiyo 1099-R uiweke mezani. Kisanduku cha 1 ndicho jumla aliyolipwa: miezi 12 mara 1,450, yaani dola 17,400. Kisanduku cha 2a ni kiasi kinachohesabika kwenye kodi, na bila shaka kwenu kinasomeka vilevile 17,400. Kisanduku cha 4 ni kodi iliyokatwa kabla hela haijawafikia. Hizo 720 mlizorudishiwa mwaka jana sina shaka ndizo zilizotoka hapo, hela yenu wenyewe ikarudi mfukoni. Halafu shuka hadi kisanduku cha 7. Ni kidogo, watu wengi hata hawakioni, kina tarakimu moja tu. Kama ni 7, hiyo ni pensheni ya kawaida ya uzeeni. Kama ni 1, maana yake mtu katoa fedha mapema na mlipaji hajui sababu yoyote ya kumwondolea adhabu. Kama ni 3, ni ulemavu. Yenu, kwa maelezo yako, inapaswa kuwa na 3. Ikiwa si 3, usiendelee. Mpigie simu mlipaji kwanza aisahihishe.

Kanuni ya IRS, idara ya kodi ya Marekani, ni hii: mtu anayelipwa pensheni ya ulemavu kutoka mpango uliogharamiwa na mwajiri, na ambaye hajafikia umri wa chini wa kustaafu wa mpango huo, hela ile kwake ni kama mshahara. Anaiandika mstari wa 1h. Kuanzia siku inayofuata ile anayofikisha umri huo, hela ileile, kutoka mlipaji yuleyule, inageuka pensheni, na hapo ndipo inahamia 5a na 5b. Fomu haitabadilika sura, na wala hakuna barua itakayokuja kuwaarifu kwamba siku imefika. Mnapaswa kuijua wenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, hata wanaofanya kazi hii kwa malipo. Umri wa chini wa kustaafu siyo 65. Siyo 62 ya Social Security, wala 59 na nusu ya akaunti za akiba. Ni umri ambao mpango wa kampuni ile ungemruhusu shemeji aanze kuchukua pensheni hata kama angekuwa mzima wa afya. Kila mpango una wake. Kama kijitabu cha maelezo ya mpango kinasema mfanyakazi mwenye miaka kadhaa ya utumishi anaweza kustaafu mapema akiwa na 55, basi umri wa shemeji ni 55, hata kama wafanyakazi wengi pale wanangoja hadi 65. Kama mna kijitabu hicho, tafuteni sehemu inayozungumzia kustaafu mapema. Kama hamna, mwandikieni msimamizi wa mpango mkiomba nakala. Shemeji ana haki hiyo kisheria. Muulizeni pia kwa maandishi: ni umri gani wa chini ambao mwanachama asiye mlemavu mwenye utumishi kama wake angeweza kuanza kulipwa? Jibu likija, litieni kwenye faili na mlitunze, maana IRS wakiuliza miaka miwili baadaye hiyo ndiyo karatasi mtakayowaonyesha.

Katika hesabu zinazofuata nachukulia umri huo ni 55. Shemeji ana 51, kwa hiyo bado yuko upande wa mshahara kwa miaka michache.

Sasa kwa nini mstari ubadilishe hela nyingi hivyo, wakati jumla ya mapato ni ileile? Sababu ni kwamba kuna nafuu mbili za kodi zinazopimwa kwa mapato ya kazi. Ya kwanza ni ile watu wanaiita EIC, nafuu ya familia zenye kipato cha chini zinazofanya kazi. Ya pili ni sehemu ya nafuu ya watoto ambayo serikali inakurudishia taslimu hata kama hudaiwi kodi. Pensheni ya uzeeni si mapato ya kazi. Social Security si mapato ya kazi. Lakini pensheni ya ulemavu kabla ya umri wa chini wa kustaafu inahesabiwa kuwa mapato ya kazi, ingawa shemeji hajakanyaga kiwandani tangu 2023. Sheria imemtambua kama mtu ambaye angekuwa bado kazini asingeumia.

Tupige hesabu ya 2025. Kwanza kama ilivyofanya programu: pensheni mstari wa 5b, mapato ya kazi sifuri. EIC sifuri. Sehemu ya watoto inayorudishwa taslimu nayo sifuri. Kodi mnayodaiwa ni sifuri pia, kwa sababu kato la kawaida (kiasi cha mapato kisichotozwa kodi) la mume na mke wanaojaza pamoja kwa 2025 ni dola 31,500, na mapato yenu yako chini kabisa ya hapo. Mnarudishiwa kilichokatwa, basi.

Sasa ihamishe 17,400 iende 1h. Kwa watoto wawili, jedwali la EIC la 2025 linatoa kama dola 6,970. Nafuu ya watoto inayorudishwa inahesabiwa hivi: unatoa 2,500 kwenye mapato ya kazi, inabaki 14,900, unachukua asilimia 15, unapata dola 2,235. Jumla ni karibu 9,200, na juu yake inakuja ile kodi iliyokatwa kwenye kisanduku cha 4. Hiyo ni pango la nyumba la miezi mingi. Ni matibabu ya mgongo. Nimewahi kukaa na familia iliyokosa nafuu hii kwa miaka minne mfululizo, na miwili ya mwanzo ilikuwa imeshapita muda wa kudai. Nilipowaambia, mama yule hakusema neno, alizikunja karatasi zake polepole akazirudisha kwenye bahasha. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Masharti ya EIC yapo na lazima yatimie. Wewe, shemeji na watoto wote wawili muwe na namba za Social Security zinazoruhusu kazi, na muwe mmezipata kabla ya siku ya mwisho ya kujaza ritani ya mwaka husika. Wewe au shemeji akiwa na ITIN, ile namba ya kodi ya wasio na namba ya Social Security, EIC haipo; mtoto akiwa nayo, hahesabiwi kwenye EIC. Mjaze pamoja kama mume na mke. Mkijaza kila mtu kivyake hali ikiwa mnaishi nyumba moja, EIC inapotea, na kwenye Social Security mambo yanakuwa mabaya zaidi. Watoto wawe wameishi nanyi Marekani zaidi ya nusu mwaka. Na mpango uwe umegharamiwa na mwajiri. Kama ile hela inatoka kwenye bima ya ulemavu ambayo shemeji alijilipia mwenyewe kwa fedha iliyokwisha katwa kodi, basi haitozwi kodi, lakini pia haihesabiki kuwa mapato ya kazi.

Hapo ndipo ulipo ukweli nusu wa huyo mtu wenu. Hakutunga kutoka hewani. Zipo hela za ulemavu zisizotozwa kodi, na anazichanganya na yenu. Bima uliyojilipia, kama nilivyosema. Fidia ya ajali kazini inayolipwa chini ya sheria ya fidia za wafanyakazi. Malipo ya ulemavu wa wanajeshi wastaafu kutoka idara ya VA. Pia SSI, ile posho ya wazee na walemavu wa kipato kidogo, ambayo hata fomu ya kodi haitoi. Lakini pensheni iliyogharamiwa na mwajiri haimo kwenye orodha hiyo, hata kama imeandikwa ulemavu kwa herufi kubwa. Swali la kujiuliza daima ni nani alilipa, na alilipa kwa fedha iliyokatwa kodi au isiyokatwa. Mwajiri akilipa, inatozwa. Wewe ukilipa kwa makato yaliyofanyika kwenye mshahara kabla ya kodi, inatozwa vilevile. Kodi itapita mara moja, ama wakati wa kuchangia ama wakati wa kupokea.

Tena IRS wana nakala ya hiyo 1099-R. Waliipata kwa mlipaji. Msipoiandika, kompyuta yao italinganisha, na baada ya miezi kadhaa mtapata barua inayoitwa CP2000 yenye pendekezo la kodi na riba. Kwenu ninyi kodi ingekuwa sifuri hata hivyo, lakini mngekuwa mmejinyima zile 9,200 kwa kufuata ushauri uliokusudiwa kuwaokoa. Kitu kingine: mtu anayelipwa kutengeneza ritani ni lazima aitie sahihi na aweke namba yake ya PTIN, ambayo IRS huwapa watengeneza ritani. Akikataa kufanya hivyo, chukueni makaratasi yenu muondoke.

Nije kwenye Social Security. Karatasi waliyowaletea ni SSA-1099, na namba muhimu ni ya kisanduku cha 5, hizo 36,000. Inaandikwa mstari wa 6a. Kiasi kinachotozwa, kama kipo, kinaandikwa 6b. Kupata 6b unachukua mapato yenu mengine yote, unaongeza nusu ya Social Security. Kwa mume na mke wanaojaza pamoja, jumla hiyo ikiwa chini ya dola 32,000, hakuna kinachotozwa. Ikipita hapo hadi 44,000, inaweza kutozwa hadi nusu ya mafao; zaidi ya hapo, hadi asilimia 85. Kwa mtu asiye na mwenzi mipaka ni 25,000 na 34,000. Viwango vya chini viliwekwa 1983 na vya juu 1993, na tangu hapo havijawahi kupandishwa kufuata bei za vitu. Ndiyo sababu mwaka hadi mwaka wazee wengi zaidi wanajikuta ndani ya wavu huu.

Kwenu: 17,400 jumlisha 18,000 ni 35,400. Mmepita mpaka wa 32,000 kwa 3,400, na nusu yake, 1,700, ingetozwa. Lakini hizo 36,000 si za mwaka mmoja. Angalia maelezo ya malipo kwenye karatasi hiyohiyo. Yataonyesha ni kiasi gani kilichotolewa kwa ajili ya 2024 na 2023. Tuseme 6,000 ni za 2023, 15,000 za 2024 na 15,000 za 2025. Sheria inawaruhusu kuzihesabu hela za nyuma kana kwamba mlizipata miaka ile, bila kufungua upya ritani za miaka hiyo. Kwa 2025 inabaki 17,400 jumlisha 7,500, yaani 24,900, chini ya 32,000. Kwa 2024 hesabu ni ileile. Kwa 2023 hela ya Social Security ni ndogo zaidi, ila humo muingize na mshahara wa shemeji wa kabla hajaumia. Kama nao hauwavushi mpaka, 6b inakuwa sifuri, na mnaweka alama kwenye kisanduku cha 6c kuonyesha kuwa mmechagua njia hiyo. Nisikudanganye: kwa mwaka huu uchaguzi huo haubadilishi senti mfukoni mwenu, kwa sababu hata mkiongeza 1,700 bado mko chini ya kato la kawaida na EIC haiguswi. Ungekuwa na mshahara wako wa dola 26,000, ingekuwa habari nyingine. Hata hivyo fanyeni, na mhifadhi hesabu yake. Ni sahihi, na familia nyingine inayosoma hapa inaweza kuokoa mamia ya dola kwa alama hiyo moja.

Mafao hayo ya ulemavu ya Social Security msiyaingize kamwe kwenye mapato ya kazi. Nimeona watu wakisikia kwamba pensheni ya ulemavu inaingia EIC, wakachanganya na SSDI, yaani mafao haya ya Social Security. Hilo IRS wanalikataa, na wakiona umefanya kwa kupuuza kanuni wanaweza kukuzuia kudai EIC kwa miaka miwili. Wakiona ni udanganyifu, miaka kumi.

Kuhusu programu ya kompyuta: haikosei kwa ubaya, inauliza swali na inafuata jibu. Ukishaingiza 3 kwenye kisanduku cha 7, nyingi zinauliza kama mpokeaji amefikia umri wa chini wa kustaafu wa mpango. Nadhani mwaka jana mlibofya ndiyo, pengine kwa sababu shemeji ameshastaafu kwa maana ya kawaida ya neno. Rudi kwenye swali hilo, ujibu kwamba bado hajafikia, halafu kabla ya kutuma fungua fomu 1040 yenyewe utazame kwa macho yako: 17,400 iko 1h? 5a na 5b ziko tupu? Kodi iliyokatwa iko 25b? Usiridhike na ile rangi ya kijani inayosema kila kitu kiko sawa.

Na sasa miaka iliyopita, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzuri zaidi ya barua hii. Ritani ya 2024 mnaweza kuirekebisha. Fomu ni 1040-X, na muda ni miaka mitatu tangu siku mliyojaza. Mliojaza mapema mnahesabiwa kuanzia siku ya mwisho, 15 Aprili. Kwa 2024 mna hadi Aprili 2028, kwa 2023 hadi Aprili 2027. Mwaka 2024 shemeji alipokea mwaka mzima, 17,400, na kwa bahati njema hicho ndicho hasa kiwango cha mapato ambapo EIC ya watoto wawili ilifikia kilele mwaka ule, dola 6,960. Ongeza 2,235 za watoto: ni 9,195. Kwa 2023 sijui mshahara wake wa kabla ya Februari ulikuwa kiasi gani, kwa hiyo siwezi kukutajia namba, lakini kama alilipwa pensheni miezi sita, ni dola 8,700 zinazopaswa kuhamia upande wa mapato ya kazi, na huenda hesabu hiyo ikawa na faida. Hakikisheni tu namba zote za Social Security zilikuwa zimeshatolewa kabla ya siku ya mwisho ya kujaza ritani ya mwaka ule.

Kwenye 1040-X kuna nafasi ya kueleza sababu. Andikeni kwa ufupi: pensheni hii ya ulemavu, yenye 3 kwenye kisanduku cha 7, ilipokewa kabla ya umri wa chini wa kustaafu wa mpango, ambao ni 55, iliandikwa 5b kimakosa, inahamishiwa 1h, EIC na nafuu ya watoto zinahesabiwa upya. Ambatanisheni nakala ya 1099-R na ile barua ya msimamizi wa mpango. Jazeni kila mwaka fomu yake. Subira inahitajika: kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na wakati mwingine hadi 16. Kama mnaogopa kufanya wenyewe, vituo vya VITA, mpango wa IRS wa watu wa kujitolea wanaosaidia kujaza ritani, vinatoa msaada bure kwa watu wa kipato chenu, na mnaweza kwenda na mtu wa kuwatafsiria. Mkifika mwambieni yule wa kujitolea tangu mwanzo kwamba mna 1099-R yenye 3 na mtu hajafikia umri wa mpango, maana si kila mmoja amewahi kuiona.

Jambo la adhabu limo kwenye barua za wengi, nami nilitaje. Anayetoa hela ya kustaafu kabla ya miaka 59 na nusu huongezewa kodi ya asilimia 10. Mwenye ulemavu wa kweli, ambao daktari anathibitisha kwamba haumruhusu kufanya kazi yoyote ya maana na kwamba utadumu muda mrefu usiojulikana mwisho au utaishia kifo, anasamehewa. Shemeji akiwa na 3 kwenye kisanduku hana la kuhofia. Lakini nilimsaidia mzee mmoja aliyetoa akiba yake ya 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazini, baada ya kupooza, na mlipaji akaandika 1. Mwenyewe alikuwa ameshalipa adhabu ile bila kuuliza. Dawa yake ni fomu 5329, kwa msamaha namba 03, pamoja na cheti cha daktari. Tuliirudisha hela ile. Angalia pia kwamba akiba ya aina hiyo, au IRA (akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi), hata ikiwa na 3, si pensheni ya ulemavu ya mwajiri, haiendi 1h. Ya IRA inaandikwa 4a na 4b, ya 401(k) inabaki 5a na 5b.

Kwa kuwa mko Texas, hakuna ritani ya jimbo ya kuhangaikia. Wenzetu walio kwenye majimbo yanayotoza kodi ya mapato wasidhani jimbo linafuata kila kanuni ya IRS. Kila moja lina maelekezo yake. Pia kama kuna pensheni inayoingia kutoka nyumbani, iwe NSSF au mfuko wa serikali, mkazi wa Marekani anapaswa kuitaja kwenye ritani yake hapa hata kama inalipwa kwenye akaunti ya Nairobi au Dar es Salaam na haijawahi kuvuka bahari. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya wala Tanzania. Kodi iliyokatwa kule inaweza kupunguza ya huku kwa fomu 1116.

Mwisho, jiandaeni na siku shemeji atakapofikisha 55. Tuseme ni tarehe 30 Juni. Mwaka huo 1099-R itakuwa moja, lakini ninyi mtaigawa: miezi sita ya kwanza, dola 8,700, inakwenda 1h, na 8,700 za miezi sita ya mwisho zinakwenda 5a na 5b. Mwaka unaofuata yote itakuwa pensheni, na EIC itaondoka kama hakuna mwingine mwenye mapato ya kazi nyumbani. Wewe ukiwa umepata kazi wakati huo, hata ya nusu siku, mshahara wako ndio utakaoishika. Kuna faraja moja ndogo inayoanza siku hiyo: kama shemeji aliwahi kuchangia mpango ule kwa mshahara uliokwisha katwa kodi, ataanza kuirudisha michango yake bila kutozwa tena. Tazama kisanduku cha 9b. Kikiwa, kwa mfano, na 15,600, na pensheni ni ya maisha yake peke yake, unagawa kwa 360, ambayo ni idadi ya miezi iliyowekwa kwa anayeanza akiwa na 55 au chini. Unapata dola 43.33 kila mwezi zisizotozwa kodi. Mlipaji asipoifanya hesabu hiyo kwenye 2a, mtaifanya wenyewe, na mkisha kuianza namba hiyo haibadiliki hadi michango yote iishe kurudi.

Kabla ya kugusa ritani yoyote, pata kile kijitabu cha mpango au barua ya msimamizi. Ukikuta umri wao si 55 bali ni 50, shemeji amekwishaupita na programu ilikuwa sahihi tangu siku aliyofikisha 50, ikabaki tu kuangalia tarehe ya kuzaliwa na ya kuanza kulipwa. Niandikie ukiupata huo umri, nitakupigia hesabu ya 2023 mstari kwa mstari.